Jua linawaka Hola, maji yanakuja: dhana potofu kuhusu mafuriko ya Mto Tana

Dhana ninayoiogopa kuliko zote katika Kaunti ya Tana River ni hii: "Hapa hakujanyesha, mafuriko yatatoka wapi?" Mtu anaitazama mbingu ya Hola, haoni hata wingu, anarudi shambani kupalilia mahindi. Lakini maji ya Tana hayaingojei mbingu ya Hola. Yanatoka Mlima Kenya, safu ya Aberdare na vilima vya Nyambene, mamia ya kilomita juu ya mto. Mvua kubwa ya Murang'a au Meru huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine tena kushuka Hola, Garsen na hatimaye Kipini. Wa kuulizwa habari ni ndugu aliye juu ya mto: kimo kimepanda kiasi gani huko, na maji yana rangi gani?

Siku hizo ni neema ambayo wengine hawaipati. Maporomoko ya udongo ya West Pokot, Novemba 2019, yaliwafukia watu usiku wakiwa wamelala. Tana hutanguliza habari. Kaya ikijua hivyo, siku ya kwanza huondoa mbuzi na ng'ombe, ya pili chakula na mbegu, ya tatu wazee, wajawazito na watoto, na yote hayo mchana, barabara ikiwa bado inapitika. Laga, yaani mito ya msimu, ndizo tofauti. Mkondo uliokuwa mchanga mkavu asubuhi huweza kujaa kwa saa chache, kwa hiyo usilale ndani ya laga wala usifunge mifugo humo msimu wa mvua.

"Wamefungulia mabwawa!" Kila msimu kauli hii husambaa kwenye simu, na ndani yake mna ukweli nusu. Juu yetu yamepangana mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kuu. Likiwa na nafasi, huzuia maji na kutupunguzia mafuriko. Likifika kimo chake cha juu, mita 1,056.5 kutoka usawa wa bahari, haliwezi tena kuzuia: yanayoingia ndiyo yanayotoka. Isitoshe, mito ya Mutonga na Kathita huingia Tana chini ya Kiambere, na hakuna bwawa hata moja kati yake na sisi. Hata mabwawa yote yangezuia kila tone, bado tungeweza kupata mafuriko.

Sisemi watu wasidai haki yao. Wana haki ya kuarifiwa mapema, kwa Kipokomo, Kiorma na Kisomali, redioni na kwenye baraza la chifu, si kwa tangazo la Kiingereza lililobandikwa mtandaoni. Lakini kaya inayongoja kwanza ajulikane wa kulaumiwa ndipo ihame huzipoteza siku zile zile ilizopewa na mto. Ukisikia Masinga limejaa, anza kufunga mizigo. Lawama itakukuta kwenye mwinuko.

Wazee nao husema, "Maji ya El Niño ya 1997 yaliishia pale kwenye mwembe, hayawezi kupita hapo." Alama ya mwembe ni elimu nzuri, ila inaeleza yalipofika mwaka ule tu. Tana huhamahama. Kingo zinakatika upande huu, mchanga unarundikana upande ule, na sehemu iliyokuwa salama inabaki bondeni. Hata mlango wake wa bahari si ule wa zamani: mto uliufuata mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na mto Ozi, na leo unatokea Kipini. Mto uliohama mdomo hautashindwa kuupita mwembe.

"Maji ya magotini yanavukika." Hapana. Maji yanayokwenda kasi, ya kimo cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Jirani zetu wa Kitui waliliona hilo Desemba 2021, basi lilipojaribu kuvuka Mto Enziu na watu zaidi ya 30 wakafa. Boti nayo si dawa ikiwa imejazwa kupita kiasi na abiria hawana maboya. Aprili 2024, barabara ya Garissa ilipokatika, boti ilizama Kona Punda, karibu na Madogo, na watu wakapoteza maisha. Kama hamjavuka mapema, subirini kwenye mwinuko na mpige 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu.

Eti kujiandaa ni kwa wenye pesa! Mfuko wa nailoni usiopenya maji, ndani yake vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu, unagharimu shilingi chache. Ongeza dawa za wiki mbili kwa mwenye presha, kisukari au anayetumia ARV, tochi, kiberiti, na jerikani mbili safi zenye kifuniko. Kisha kubalianeni mtakutana wapi mkipoteana. Hilo la mwisho halina bei, na ndilo linalosahaulika zaidi.

Maji yakishuka watu hudhani hatari imekwisha. Mei 2024 kipindupindu kiliripotiwa Tana River baada ya mafuriko, kwa sababu vyoo vilizama na visima vikachafuka. Chemsha maji mpaka yatokote, au yatie dawa ya klorini. Mtu akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa juu, humshikilia njiani kuelekea zahanati. Kwa wafugaji kuna Homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka kaskazini mashariki baada ya mvua za 1997 na tena 2006. Kondoo na mbuzi wakianza kutupa mimba kwa wingi, mwite daktari wa mifugo, na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiingie jikoni hata njaa ikiwa kali.

Watu wa mbali hutuuliza, "Kwa nini hawahami mtoni moja kwa moja?" Wanaona mafuriko kuwa hasara tupu. Mpokomo hupanda kwa kuyafuata maji yanaporudi mtoni, kwenye tope jipya lenye rutuba, na Muorma hupata malisho ya deltani wakati bara limekauka. Unyevu huo haukai sana, na mbegu za msaada zikichelewa hukuta udongo umeshapasuka. Kwa hiyo mahindi na kunde za mbegu, zilizokauka vizuri na kufungwa kwenye chupa au galoni isiyoingia maji, ziondoke pamoja na watoto, zirudi shambani juma lile lile maji yanaposhuka.