Mimba Changa Haitikiswi?

Wifi yangu alipoanza kuchafukwa na moyo, wazee wa nyumba hapa mtaa wa Langoni, Lamu, walimwekea sharti: asishuke ngazi mpaka mwezi wa tatu upite, maana "mimba changa haitikiswi." Akashinda orofani, harufu ya vitunguu ikimpandia kutoka jikoni, akazidi kutapika.

Mimba iliyo salama haitoki kwa kutembea. Nyingi zinazotoka mapema huwa na kasoro ya kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, tangu zilipotungwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Lamu hilo si kazi, miguu ndiyo gari letu: kwenda kijiji cha Shela kwa pwani ni kama kilomita 3. Nenda alfajiri, jua halijawaka, na chupa ya maji. Ukiweza kuzungumza huku unatembea, mwendo ni huo. Matembezi hayakumponya wifi kichefuchefu, lakini yalimwondoa kwenye vitunguu. Juu ya kupanda punda, hapo niko na wazee: kuanguka si mchezo. Na anayetokwa na damu aulize kliniki kwanza.

Kuna na maneno mengine huambiwa mwenye kichefuchefu. "Ni cha asubuhi tu." Cha wifi kilimwanza wakati wa magharibi. Kwa wengi huanza karibu na wiki ya 6, huzidi kama wiki ya 9, kisha hupungua.

"Anajidekeza." Hili ndilo huniudhi. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba homoni ya GDF15, itokayo kwa mtoto na kondo lake, huchangia sana, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndiye huumwa zaidi. Deko liko wapi?

"Usile mpaka moyo utulie." Tumbo tupu huchochea. Kipande kikavu cha mkate wa mofa kabla hujainuka kitandani, kisha kidogo kidogo. Tangawizi ya bibi ina haki yake, hata Shirika la Afya liliitaja mwaka 2016.

"Akitapika sana ni msichana." Ngojeni azaliwe.

"Stahimili, ni kawaida." Si kila mara. Maji yasipokaa tumboni, mkojo ukiwa haba na mzito wa rangi, au mwenye kilo 60 akipungua zaidi ya 3, mazoezi yaachwe, aende hospitali akatiwe maji ya mshipa. Aliye kisiwa cha Pate ahesabu na Mkanda pia, ule mlango mwembamba wa bahari njiani: bahari ikitoka, boti haipiti.