"Chora kama Miffy tu, si kazi kubwa"

Wiki iliyopita mteja kanitumia picha ya Miffy, yule sungura mweupe wa vitabu vya watoto, chini yake ujumbe wa sauti: "Nichoree kama huyu, mistari miwili mitatu tu. Keshokutwa nitapata?" Ni wa nne tangu mwaka uanze. Badala ya kumjibu kila mmoja peke yake, nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza hilo la mistari miwili mitatu, maana ndilo linalonipandisha presha. Dick Bruna, Mholanzi wa Utrecht aliyembuni Miffy mwaka 1955, alichora michoro zaidi ya 100 ili apate 12 za kitabu kimoja. Alianza kwa penseli kwenye karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga, akirudia mpaka aridhike. Kisha aliilaza karatasi hiyo juu ya nyingine nzito, ya rangi za maji, akapitisha penseli tena kwa kukandamiza ili chini kubaki mfereji mdogo. Mfereji huo ndio alioufuata kwa brashi na rangi nyeusi, taratibu, kidogo kidogo. Ukisogeza kitabu karibu na macho utaona mstari unatetemeka. Uhai wa Miffy uko humo, na ndiyo maana zile nakala za kompyuta, zenye mstari ulionyooka kama waya, zinaonekana kama stika za friji.

Rangi nazo hakuzipaka. Mstari ulihamishiwa kwenye filamu angavu, naye akakata karatasi za rangi na kuzipanga chini yake, akibadilisha hii na ile mpaka zielewane. Nyekundu, njano, bluu, kijani. Baadaye kahawia na kijivu. Basi.

Hebu jaribu mwenyewe. Weka nukta mbili za macho na alama ya X ya mdomo, halafu mtie sungura wako huzuni bila nyusi wala mdomo wa kupinda. Bruna alikuwa na nukta hizo, X hiyo, na pengine chozi moja. Kwa vitu hivyo alitoa mwaka 1996 kitabu kizima kuhusu kifo cha bibi yake Miffy, na watoto wadogo wanakielewa. Picha yenye mistari 200 huficha kosa. Yenye mistari kumi haifichi kitu: jicho likihama milimita moja tu, sungura anaonekana amelewa.

Halafu huyo Miffy mnayenitumia si wa 1955. Yule wa kwanza alifanana na mdoli wa kitambaa, masikio yamelegea. Bruna alimchora upya mwaka 1963 ndipo masikio yakasimama. Miaka minane, na mimi nimepewa siku mbili.

Wengine hunisahihisha kwamba Miffy ni wa Kijapani, eti ndugu yake Hello Kitty, yule paka wa katuni wa Kijapani. Hello Kitty alizaliwa 1974. Kitabu cha Miffy kilitafsiriwa Kijapani mwaka 1964, akapendwa sana huko, ndiyo asili ya mkanganyiko. Mwaka 2010 mahakama ya Amsterdam iliwapa ushindi wasimamizi wa kazi za Bruna dhidi ya kampuni ya Hello Kitty, iliyokuwa na sungura wake aitwaye Cathy, aliyefanana mno na Miffy. Mwaka uliofuata pande hizo mbili zilimaliza kesi na kuchangia euro 150,000 kwa waathirika wa tetemeko la Japani.

Na Miffy ni jike, si dume. Kwao anaitwa Nijntje, kifupi cha neno la Kiholanzi la kisungura. Miffy ni jina la tafsiri ya Kiingereza.

Kuna na wale wa "Bruna alikuwa mtoto wa tajiri, akijichezea tu". Kweli baba yake alikuwa na kampuni ya uchapishaji, akampeleka London na Paris akajifunze biashara ya vitabu. Kijana akarudi na mchoraji Mfaransa Matisse kichwani, biashara hakuitaka. Lakini kampuni hiyohiyo ilimfanyisha kazi: aliibunia majalada yapatayo 2,000, yakiwemo ya hadithi za mpelelezi Maigret. Mkono uliofanya majalada 2,000 unajua cha kuacha.

Jambo la mwisho ni maandishi, na hapa nawasihi. Bruna aliandika mwenyewe, mistari minne kwa kila picha, wa pili na wa nne ikiwa na vina. Ninyi mnaniletea kurasa sita zenye shangazi watatu na mawaidha, kisha mnataka picha za Miffy. Punguzeni maneno kabla ya kunipigia. Kama sentensi inasema sungura alivaa gauni jekundu, ifuteni, gauni nitalichora.

Bei yangu inahesabu pia michoro nitakayoitupa. Kitabu cha picha 12 ni miezi mitatu, na nusu ya malipo hutangulia.