Picha ya Nafsi Isiyo na Sura

Picha ya nafsi ni kazi ya sanaa ambayo ndani yake msanii anajionyesha mwenyewe. Kwa mazoea mtazamaji hutafuta macho, pua na mdomo, kisha huuliza kama vimefanana na vya mwenyewe. Picha ya nafsi ya kidhahania haijibu swali hilo, kwa kuwa sura haimo, au imefunikwa hata haitambulikani, na mahali pake pameshikwa na rangi, maumbo na vitu halisi vilivyobandikwa, kushonwa au kuzamishwa katika rangi. Inapochanganya rangi na vitu vya namna hiyo, huitwa kazi ya vifaa mchanganyiko.

Njia hiyo inaonekana vizuri kwa mchoraji Frank Bowling, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Bartica, Guyana, nchi iliyo Amerika Kusini lakini ambayo kwa utamaduni huhesabiwa kuwa ya Karibi. Alihamia London mwaka 1953. Katika mchoro wake Mirror, alioufanyia kazi kati ya 1964 na 1966, bado anaonekana kwa umbo lake, tena mara mbili, juu na chini ya ngazi ya mzunguko. Wakati huohuo alianza kutumia picha ya nyumba ya mama yake mjini New Amsterdam, Guyana, iliyokuwa pia duka, akiichapa juu ya turubai kwa skrini kama zinavyochapwa fulana. Katika Cover Girl ya mwaka 1966 nyumba hiyo imefifia juu ya mwanamitindo aliyetolewa katika jalada la gazeti. Baadaye zilikuja ramani za Amerika Kusini na Afrika, ambazo mipaka yake inakaribia kumezwa na rangi, na katika miaka ya 1980 akaanza kuzamisha vipande vya sponji na vikorokoro vya plastiki ndani ya jeli nzito ya akriliki, aina ya rangi ya plastiki, hata uso wa mchoro ukawa na matuta.

Kwangu mimi, linalogusa zaidi ni mishono. Mama yake alikuwa mshonaji wa nguo, na Bowling kwa miaka mingi amekata turubai vipande na kuviunganisha upya, kingo zikiachwa wazi zionekane. Kuisoma kazi hiyo kama picha ya nafsi ni tafsiri, lakini ushahidi wake umo katika kitambaa chenyewe.

Msanii Ana Mendieta wa Cuba, aliyepelekwa Marekani mwaka 1961 akiwa mtoto, alikwenda mbali zaidi: katika mfululizo wa Silueta, ulioanza mwaka 1973, aliacha alama ya umbo la mwili wake katika udongo, maua na baruti. Kipimo cha mwili wake mwenyewe kimo, ingawa uso haumo. Pasipo alama ya aina hiyo, iwe ya mwili, ya familia au ya mahali, mchoro wa kidhahania unaoitwa picha ya nafsi unategemea jina lake tu, na mtazamaji ana haki ya kutoridhika.