Mwigizaji wa uhusika ni nani hasa? Tumuangalie Lucian Msamati

Kwenye muvi kuna steringi, halafu kuna wengine wote, na kwenye hao wengine wote kuna kundi moja ambalo watu wanalichanganya sana na maekstra. Ekstra anapita barabarani nyuma ya kamera, basi kamaliza. Mwigizaji wa uhusika ana jina kwenye skripti, ana sini zake, na mara nyingi yeye ndo anafanya stori isogee. Steringi tunamfuata kwa sababu ni yeye, ile sura na lile jina kwenye posta, huyu mwingine tunamwamini kwa sababu kila akitokea ni mtu mwingine kabisa, leo fundi gari, kesho haramia, keshokutwa kardinali.

Na hiyo mifano mitatu sijaitunga, ni kazi za mtu mmoja, Lucian Msamati. Kazaliwa London mwaka 1976, wazazi wake Watanzania, akakulia Zimbabwe, na Harare ndo alipoanza kazi, yeye na wenzake wakaanzisha kikundi chao cha maigizo kinaitwa Over the Edge, baadaye akahamia Uingereza. Ule ufundi gari ni kwenye The No. 1 Ladies' Detective Agency, tamthilia iliyopigwa Botswana, yeye ndo Bwana Matekoni, mpole, mwenye gereji, anampenda mwanamke na kulisema hilo ni shughuli. Uharamia ni Game of Thrones, anaitwa Salladhor Saan, anakodisha meli zake na anapenda hela na maneno mengi. Halafu 2020 ikaja Gangs of London, humo ni Ed Dumani, mzee wa kundi la wahalifu, mtulivu mpaka unaogopa. Ukimweka Matekoni pembeni ya Dumani bila kuambiwa unaweza kuapa ni watu wawili.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui, ukihama kutoka kwenye skrini ukaenda jukwaani, huyuhuyu wa sini chache ndo anakuwa steringi. 2015 pale Royal Shakespeare Company, Stratford, alicheza Iago, yule askari msaliti kwenye Othello, tamthilia ya Shakespeare, mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo kwenye kampuni ile, na Othello mwenyewe alikuwa Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana. Fikiria hapo mchezo unavyobadilika. Tumezoea Iago mzungu anayemchukia jenerali mweusi, unasema ah ni ubaguzi tu, lakini anayekuchimba akiwa mweusi mwenzako, mmetoka mbali pamoja vitani, halafu cheo kapewa mtu mwingine, hiyo chuki ina ladha nyingine kabisa na sisi tunaijua vizuri tu. Mwaka uliofuata akaenda National Theatre kucheza Salieri kwenye Amadeus, mtunzi wa muziki anayemwonea wivu Mozart. Ile nafasi inaanza na kizee kinachokaribia kufa kinaongea na watazamaji, halafu palepale mbele yao, hakuna kukata kamera, kinakuwa kijana wa ikulu mwenye nguvu zake. Hapo hakuna editing wa kukuokoa, ni mgongo, sauti na pumzi basi.

Ndo maana maisha yao yanakuwa ya kuhamahama. Jukwaa linakupa nafasi kubwa na linakunoa ila linachosha, West End, kule kwenye majumba makubwa ya maigizo London, kawaida ni shoo nane kwa wiki. Tivii inakuingiza sebuleni kwa watu na ina uhakika kidogo wa pesa msimu ukiendelea. Muvi unaweza kupata siku chache tu za kushuti, ila zikikaa vizuri dunia nzima inakuona. Kwenye Conclave ya 2024, muvi ya makardinali wanaomchagua papa mpya, Msamati ni Kardinali Adeyemi wa Nigeria, anaongoza kura, anatembea kama mtu aliyeshapimiwa kanzu nyeupe, halafu siri ya zamani inafika. Kuna sini yupo chumbani na Ralph Fiennes, kardinali anayesimamia uchaguzi, anaambiwa upapa ndo basi tena, na ule mwili wote uliokuwa umejaa unaporomoka mbele yako, dakika chache tu. Kwangu ndo sini kali kuliko zote kwenye ile muvi, bishaneni.

Wapo pia wanaoshikwa na aina moja ya nafasi. Kwenye Bongo muvi mtu akipatia mara moja kuwa mama mkwe mkorofi, basi atapewa mama mkwe miaka yote na sokoni anatukanwa kabisa. J.K. Simmons wa Marekani aliikwepa hiyo kijanja, alitoka kwenye maigizo ya nyimbo ya Broadway, New York, halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 akawa mfungwa katili mwenye siasa za Kinazi kwenye Oz, tamthilia ya jela, na kipindi hichohicho daktari wa akili kwenye tamthilia ya polisi Law & Order. Oscar yake ya Whiplash kaja kuipata 2015 akiwa na miaka 60.

Hollywood yenyewe ilichelewa kuwaheshimu. Oscar ya mwigizaji msaidizi ilianza kutolewa 1937, na miaka ya mwanzo hawakupewa hata ile sanamu, walipewa kibao tu. Walter Brennan, mwanaume wa kwanza kuichukua, alibeba tatu ndani ya miaka mitano.

Ukitaka kumjua Msamati anza na Matekoni, halafu ruka moja kwa moja uende Conclave, Gangs of London iache mwisho na usiiangalie na watoto, ile ina damu kupita kiasi.