Viza ya Afrika Mashariki haikufikishi Tanzania

Hapa Kampala bado watu wanawaambia wageni wao eti ukilipia ile viza ya utalii ya Afrika Mashariki, dola 100, unazunguka nchi zote za jumuiya mpaka Zanzibar. Hapana jamani. Hiyo viza ilianza 2014 na ni ya nchi tatu tu, Uganda, Kenya na Rwanda, sababu hizo ndo zilikubaliana kuanza bila kungoja wenzao, Tanzania haikuingia. Jumuiya imekua sana tangu hapo lakini viza bado ni ya hao watatu.

Ndo maana mgeni akifika mpakani Mutukula nayo, upande wa Tanzania ataambiwa alipe viza yao, na hapo afisa hajamuonea. Halafu kuna hili linaloumiza zaidi, naomba mlisikie vizuri: ndani ya siku 90 anaweza kuvuka mpaka wa Kenya pale Malaba au wa Rwanda pale Katuna kwenda na kurudi bila kulipa tena, ila akishatoka nje ya hizo nchi tatu, hata kama ni Serengeti siku mbili tu, viza imekufa, akirudi Entebbe analipa upya. Kwa hiyo Tanzania aiweke mwisho wa safari, au mwanzo kabla hajaanza kuitumia.

Tena aombe kwa nchi atakayoingilia kwanza, akianzia Entebbe anaomba kwetu, onlaini. Kazi hairuhusiwi. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aje nayo, viza haichukui nafasi yake.