Risasi ya Kuwindia Elki: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Elki, mnyama wa jamii ya ayala anayeishi hasa katika Milima ya Rocky magharibi mwa Marekani na Kanada, ana umbo la kumtia mashaka mtu anayechagua risasi. Dume aliyekomaa wa milima hiyo huwa na takriban kilo 300 na jike hukaribia kilo 225. Kwa hiyo anampita kongoni kwa mbali, ingawa pofu dume humzidi. Kila msimu wa kuwinda unapokaribia, mabishano huanza upya kuhusu jina la risasi, kipenyo chake na uzito wa kichwa chake, yaani ile sehemu inayoruka na kumpiga mnyama. Mengi yanayorudiwa katika mabishano hayo yalikuwa na msingi enzi ambazo vichwa vya risasi vilitengenezwa karibu kwa namna moja, na enzi hizo zimekwisha.

Dhana: Risasi yenye nguvu humwangusha elki palepale

Hesabu ndogo inatosha kuivunja dhana hii. Risasi ya .30-06 Springfield yenye kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 823 kwa sekunde. Hata kama msukumo wake wote ungeingia kwa elki wa kilo 300 anayeteleza bila kizuizi chochote, ungemsogeza kwa mwendo wa sentimita 3 hivi kwa sekunde. Isitoshe, msukumo unaomfikia mnyama hauwezi kuzidi ule unaolipiga bega la mpigaji. Risasi ya kumbwaga elki kwa nguvu ya kugonga tu ingembwaga na aliyeifyatua.

Elki hufa kwa sababu mapafu au moyo umetobolewa, damu imevuja na ubongo umekosa hewa. Huanguka papo hapo pale tu ubongo au uti wa mgongo unapoguswa. Aliyepigwa vizuri kwenye mapafu yote mawili anaweza kukimbia mita 50, au hata zaidi ya 100, kabla ya kuanguka, na pengine asionyeshe dalili yoyote pale alipopigwa. Mwindaji anayeamini kwamba mnyama aliyepigwa lazima aanguke huona amekosa shabaha, akaondoka bila kutafuta damu, na nyama ikaozea msituni.

Dhana: Bila risasi ya magnum, yaani yenye baruti nyingi kuliko kawaida, usiende kuwinda elki

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa kwa safari yake ya kuwinda Afrika Mashariki, miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Springfield ya .30-06, risasi iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Risasi hiyohiyo bado inatosha kabisa kwa elki leo. Mwandishi Jack O'Connor aliisifu kwa miongo mingi .270 Winchester, iliyotoka mwaka 1925, huku mwandishi mwenzake Elmer Keith akishikilia kwamba elki anahitaji kipenyo kikubwa na kichwa kizito. Ubishi wa wawili hao ungali hai, ingawa vichwa walivyokuwa wakivibishania si hivi vilivyomo madukani sasa.

Ni kweli kwamba 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962 na .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963 zina faida, lakini faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Bunduki mbili, moja ya .30-06 na nyingine ya .300 Winchester Magnum, zikiwa na vichwa vya greni 180 vya umbo moja na zikirekebishwa zipige shabaha barabara kwenye mita 180, tofauti ya kushuka kwa vichwa hivyo kwenye mita 365 huwa takriban sentimita 10. Kwa faida hiyo, bega hulipa teke la bunduki linalozidi kwa karibu theluthi moja, endapo bunduki zina uzito sawa.

Teke hilo lina gharama ambayo wengi hawaikiri. Mwambie mwenzako akupe bunduki bila kukujulisha kama ndani mna risasi halisi au ya bandia isiyo na baruti. Ukiivuta kilimi, risasi ikawa ya bandia, na mdomo wa mtutu ukazama chini kama uliosukumwa, ujue mwili wako unaliogopa teke kabla halijafika. Mtu wa namna hiyo atampiga elki tumboni kwa magnum, ilhali kwa .308 Winchester, yenye teke dogo zaidi, angempiga mapafuni.

Dhana: Kichwa kizito ndicho salama siku zote

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa maana uzito ulioandikwa kwenye boksi ni uzito wa kabla ya kugonga mfupa. Mwaka 1946 John Nosler aliwinda musi, mnyama mkubwa kuliko elki, huko British Columbia, Kanada, akiwa na .300 H&H Magnum. Vichwa vilivyokwenda kasi vilifumuka mapema mno begani mwa mnyama bila kufika ndani. Kutokana na hayo akabuni kichwa chenye ukuta wa kati: sehemu ya mbele hufunguka na kupanuka, sehemu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948.

Somo lake linapingana na mazoea ya dukani. Kichwa laini chenye ganda jembamba kinaweza kufanya kazi nzuri kikifyatuliwa kwa .30-06 kwenye mita 200, kisha kikasambaratika kikifyatuliwa kwa magnum kwenye mita 40, kwa sababu kasi imezidi uwezo wake. Anayenunua risasi ya kasi zaidi anapaswa kununua na kichwa kigumu zaidi. Kwa upande mwingine, vichwa vingi vinahitaji mwendo wa karibu mita 550 kwa sekunde ili vipanuke, na vya shaba tupu mara nyingi huhitaji zaidi. Chini ya hapo hutoboa tundu jembamba tu.

Vichwa vya shaba tupu hubaki na karibu uzito wao wote baada ya kugonga, kwa hiyo cha greni 150 au 165 katika .30-06 kinaweza kupenya kuliko cha madini ya risasi cha greni 180. Kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kichwa cha shaba huwa kirefu kwa uzito uleule, na kirefu mno hakitulii hewani iwapo mizunguko ya mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa, si ya kasi ya kutosha. California imepiga marufuku madini ya risasi katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, hivyo huko uchaguzi huu umekwishafanywa na sheria.

Dhana: Kinachoruhusiwa na sheria kinatosha

Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko jingine lolote Marekani, hudai kipenyo kisichopungua inchi 0.24, kichwa kinachopanuka chenye greni 85 au zaidi, na nishati ya futi-pauni 1,000, sawa na juli 1,356 hivi, kwenye yadi 100. Hicho ni kizingiti cha chini. Kichwa cha greni 85 kinamfaa mpigaji mtulivu, mnyama akiwa karibu na ubavu wake ukiwa wazi. Elki aliyesimama mshazari akiwa ametanguliza bega humtaka mwenye kichwa cha kupita kwenye misuli minene na mfupa.

Dhana: Vipenyo vidogo vya kisasa ni vya kuchezea, au vinaua kwa umbali wowote

6.5 Creedmoor, risasi ya kipenyo cha milimita 6.5 iliyotoka mwaka 2007, hutukanwa na kutukuzwa kupita kiasi. Kichwa chake cha greni 140 ni kirefu na chembamba, na ukilinganisha uzito na upana wake, hakipitwi na cha .30-06 chenye greni 180. Waskandinavia wamekuwa wakiwinda musi kwa 6.5×55, risasi ya mwaka 1894 yenye kipenyo hichohicho, kwa zaidi ya miaka 100. Hata hivyo, umbo linaloikata hewa vizuri haliongezi nishati iliyotoka mtutuni. Kwa elki ningeitumia hadi mita 300 hivi, ilhali .30-06 yenye kichwa imara cha greni 165 au 180, au 7mm Remington Magnum yenye cha greni 160, ningezipa nafasi zaidi kidogo, mradi upepo ni mtulivu na bunduki imepimwa shabaha kwa risasi ileile itakayopandishwa mlimani.