Butiloda ni nini, na kwa nini inagoma kwenye kompyuta za zamani

Butiloda ni programu ndogo yenye kazi moja: kuitafuta keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwenye diski, kuipandisha kwenye kumbukumbu na kuikabidhi mashine. Ikishakabidhi, imemaliza. Hutaiona tena mpaka uwashe kompyuta upya. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, jina linalosikika zaidi siku hizi ni GRUB. Kabla yake LILO ndiyo iliyotamba, na kwenye mashine zisizo za kawaida kulikuwa na majina ambayo mafundi wengi hawajawahi kukutana nayo: yaboot kwa Mac za PowerPC (prosesa ambayo Apple iliitumia kabla ya Intel), SILO kwa mashine za Sun, aboot kwa zile za Alpha.

Huku Dodoma kompyuta nyingi tunazozihudumia ni za mtumba. Nyingine zimepanda basi kutoka Kariakoo, nyingine ni za msaada zilizofikia shule au parokia huko Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Linux inazifaa kwa sababu haihitaji prosesa mpya wala kumbukumbu nyingi. Shida huanza pale usakinishaji unapofika asilimia tisini na kitu, halafu ujumbe mwekundu unasema butiloda imeshindwa kuwekwa. Au unamalizika salama, unatoa flashi, unawasha, na kioo kinabaki cheusi.

Jibu la haraka la fundi ni "tupige upya". Ni tabia tuliyoizoea kwenye kupiga windo, ambako kupiga upya kunaponya mengi. Kwa butiloda haiponyi chochote. Mfumo umekaa vizuri kwenye diski, faili zote zipo, kilichokosekana ni njia ya kuufikia. Ukipiga upya mara tano kwa mtindo uleule, utapata mifumo mitano mizima isiyowaka.

Kwa hiyo elewa kwanza nani anamwamsha nani. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, inayoamka kwanza ni programu iliyomo kwenye chipu ya bodi. Kwenye PC za zamani inaitwa bayosi, kwenye mpya ni UEFI, na kwenye Mac za PowerPC na mashine za Sun ni Open Firmware na ndugu zake. Programu hii haijui Linux ni nini. Ni kama mgeni aliyeshuka stendi ya Nanenane usiku akiwa na namba moja tu ya simu: namba hiyo isipopokelewa, hata kama mwenyeji wake anaishi pale pale Nzuguni, atalala stendi. Kila aina ya programu ya bodi ina namba yake, na kazi ya kisakinishi cha Linux ni kuhakikisha butiloda ndiyo inayopokea.

Bayosi inafahamu kitu kidogo sana. Inasoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, basi. Ndani ya hizo, 446 ni za programu, 64 ni za jedwali la patisheni (mafungu ambayo diski imegawanywa), na 2 za mwisho ni alama ya kuonyesha kuwa sekta ni halali. Hakuna butiloda ya maana inayoenea kwenye baiti 446, kwa hiyo GRUB hujigawa: kipande kidogo hukaa sekta ya kwanza, na kipande kikubwa hujibanza kwenye nafasi tupu iliyopo kabla ya patisheni ya kwanza.

Nafasi hiyo tupu ndiyo inayoumbua diski za zamani. Diski iliyogawanywa enzi za Windows XP kwa kawaida ilianza patisheni yake ya kwanza kwenye sekta ya 63, ikaacha kama kilobaiti 31 tu. Zana za sasa huanzia sekta ya 2048, yaani megabaiti moja nzima. Ukiweka Linux ya kawaida kwenye diski yenye mgawanyo wa kale, mara nyingi itaenea. Ukiongeza mambo kama LVM, RAID au btrfs, ambazo ni njia ngumu zaidi za kupanga diski, GRUB inahitaji kubeba moduli zaidi, inanenepa, na amri ya grub-install, inayoiweka GRUB kwenye diski, inalalamika kuwa mahali pa kujipachika ni padogo. Hapo huna sababu ya kubadili diski. Gawa upya kuanzia 2048, au tenga patisheni ndogo ya /boot, folda inayokaa keneli, yenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux.

Kuna hitilafu nyingine ya bayosi ambayo huwachanganya hata wazoefu, kwa sababu huchelewa kujitokeza. Bayosi za zamani zenye anwani za biti 28 hazioni diski zaidi ya gigabaiti 137. Linux yenyewe ikishawaka haitegemei bayosi kusoma diski, inaiona yote. Lakini GRUB kwenye mashine hizi husoma kupitia bayosi. Mteja anaweza kutumia kompyuta miezi mingi bila tatizo, siku moja anasasisha, keneli mpya inaandikwa upande wa mbali wa diski kuvuka mpaka ule, na kesho yake haiwaki. Atakuapia kuwa hajagusa kitu, na anasema kweli. Dawa ni /boot iliyo mwanzoni kabisa mwa diski, ambako bayosi inafika.

Hayo bado ni mambo ya PC. Ukitoka nje ya PC ndipo maarifa ya mazoea yanapoisha. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kongwa alileta iBook G4 nyeupe, zawadi ya marafiki wa parokia, ikiwa imeshapitia mikononi mwa mafundi wengine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Mwenzio ameniambia diski imekufa, ninunue nyingine."

Tukaiwasha. Kioo cha kijivu, katikati kijifolda chenye alama ya kuuliza kinawaka na kuzima. Alama hiyo haisemi diski imekufa. Inasema tu kwamba programu ya bodi haikukuta cha kuwasha. Tukaizima na kuiwasha tena tukiwa tumeshikilia Command, Option, O na F kwa pamoja. Ukashuka ukurasa mweupe wenye maandishi meusi na kiashiria cha 0 >. Hiyo ni Open Firmware, na faida yake kubwa ni kwamba inajibu maswali. Amri ya printenv boot-device ikaonyesha hd:,\\:tbxi. Maana yake kwa lugha ya kawaida: nenda kwenye diski, tafuta patisheni yenye folda iliyotiwa alama ya kuwashia, na humo chukua faili ya aina iitwayo tbxi.

Faili kama hiyo haikuwepo popote. Fundi aliyetangulia alikuwa ameichomoa diski, akaifungia kwenye PC, akaigawa kwa jedwali la MBR, lile la PC za bayosi, na kuweka ext4 tupu. Kwa PC ni kazi safi. Kwa Mac ya PowerPC ni diski isiyosomeka, kwa sababu Open Firmware ya Apple inatarajia ramani ya patisheni ya Apple na sehemu ndogo ya kuanzia yenye HFS, mfumo wa faili wa Mac. Kwa yaboot sehemu hiyo huitwa Apple_Bootstrap, na kilobaiti 800 zinatosha. Inatakiwa itangulie patisheni za Mac OS kama zipo, la sivyo Mac OS itapokea simu kwanza.

Tulianza kwa mac-fdisk, zana ya kugawa diski za Mac: herufi i kuunda ramani mpya, ambayo inafuta kila kilichokuwepo, kisha b 2p kutengeneza sehemu ya kuanzia, kisha patisheni za mfumo, kisha w kuandika. Usakinishaji wa kawaida ukafuata, na mwisho amri ya ybin ikapeleka yaboot mahali pake na kuipa alama inayotakiwa. Diski ya Mwalimu ilikuwa nzima muda wote. Leo sehemu kubwa ya kazi ya yaboot imechukuliwa na GRUB iliyotengenezwa kwa ajili ya Open Firmware, lakini sharti la ramani ya Apple na patisheni ya HFS liko pale pale.

Mtego mwingine wa mashine hizi upo kwenye kupakua. Apple ilitangaza kuhamia Intel mwaka 2005, na Debian, moja ya aina za Linux, iliacha kutoa toleo rasmi la powerpc baada ya Debian 8. Debian 9 ya mwaka 2017 haikuwa nalo. Tangu hapo kazi inaendelezwa na watu wa kujitolea, pembeni ya matoleo rasmi. Mtu anayetafuta kwa haraka hukutana na ppc64el, anaona herufi za "ppc", anamaliza bando lake kuipakua, kisha analaumu CD. Hiyo ni ya seva za IBM za POWER8 kwenda juu, na hupanga baiti kinyume na zinavyopangwa na mfumo wa G4. Haitawaka kwenye iBook hata ukiiombea.

Sasa turudi kwenye PC, kwa laptopu ndogo na tableti zenye Intel Atom za kizazi cha Bay Trail, maana mjini zipo nyingi kuliko iBook. Prosesa yake ni ya biti 64, lakini watengenezaji wengi waliweka UEFI ya biti 32. Unachomeka flashi ya Linux ya biti 64 na kwenye menyu haionekani kabisa, utadhani mbovu. UEFI ile inatafuta faili iitwayo BOOTIA32.EFI, wakati flashi yako ina BOOTX64.EFI peke yake. Tangu keneli 3.15 ya mwaka 2014, Linux ya biti 64 inaweza kuwashwa na UEFI ya biti 32, kwa hiyo huna haja ya kushusha mfumo mzima. Unahitaji butiloda ya biti 32 tu: kifurushi cha grub-efi-ia32 na grub-install yenye shabaha ya i386-efi. Ukitaka uhakika kabla ya kuanza, soma faili ya /sys/firmware/efi/fw_platform_size ukiwa kwenye Linux iliyowashwa kwa UEFI. Itakujibu 32 au 64. Kama folda ya efi haipo kabisa, basi umewasha kwa mtindo wa bayosi, na hapo ndipo makosa mengi ya "imeshindwa kuweka butiloda" huzaliwa: flashi imewashwa kwa mtindo mmoja, diski imeandaliwa kwa mwingine.

Baadhi ya UEFI za mwanzo zina ugonjwa wa kusahau. Unaandikisha GRUB kwenye orodha yake, ukizima na kuwasha orodha imefutika. Kwa hizo, endesha grub-install na chaguo la --removable, ili butiloda iandikwe kwenye njia ya akiba ambayo UEFI huiangalia bila kukumbushwa.

Ujumbe wa mwisho kwenye kioo una thamani kuliko maelezo ya mteja, kwa hiyo muombe apige picha kwa simu. Kijifolda chenye alama ya kuuliza, au maneno "No bootable device", yanasema programu ya bodi haikuifikia butiloda. Maneno "grub rescue>" yanasema imeifikia, ila kipande cha kwanza cha GRUB hakijaona patisheni yenye vipande vingine, labda kwa sababu mtu amefuta au amepanga upya patisheni. LILO yenyewe iliandika jina lake herufi kwa herufi kadiri ilivyosonga mbele, kwa hiyo ikiishia "LI" ujue imekwama katikati. Na ukiona mistari ya keneli ikishuka kisha ikasimama, iache butiloda kwa amani, imeshakabidhi.

Usidharau pia betri ya saa. Kwenye mashine iliyokaa stoo miaka, betri hiyo karibu hakika imekufa, na tarehe inaweza kurudi mwaka 1970, au 1904 kwa Mac. Kisakinishi kinapokwenda kuchukua kifurushi cha butiloda mtandaoni, hulinganisha tarehe za sahihi (saini za kidijitali) za vifurushi na saa ya mashine, kinaona sahihi zimetoka miaka ijayo, kinakataa. Wewe utasoma tu kwamba butiloda imeshindwa kuwekwa. Fungua terminali, andika amri ya date, kama mwaka ni wa ajabu rekebisha, kisha rudia hatua ile moja, siyo usakinishaji wote.

Ukishafanikisha Mac ya PowerPC, endesha ofpath /dev/sda2, au patisheni yoyote uliyoitumia kama sehemu ya kuanzia, upate jina la Open Firmware la mahali hapo. Liandike kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya kifuniko cha betri. Siku mtu akifuta mipangilio ya bodi kwa bahati mbaya, fundi atakayeipokea ataandika boot, kisha jina hilo likifuatwa na ,\\:tbxi, na mashine itawaka bila CD.